Saa ya maji: kwa wadogo zangu wa Bukavu wanaotaka kusomea chaza na viumbe vya pwani

Wadogo zangu,

Kila mwaka masomo yanapokaribia kufunguliwa, wawili watatu kati yenu hunifuata na swali lile lile: mtu wa Bukavu atasomeaje viumbe vya bahari, ilhali Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1000 mashariki, na ile pwani yetu fupi ya Muanda iko mbali zaidi, upande wa magharibi? Inawezekana. Nilikulia mtaa wa Nguba hapa Bukavu, nikajifunza kupima maji kwenye ziwa Kivu, kisha nikakaa misimu miwili Unguja nikifuatilia chaza, wale wanyama laini wa baharini wenye magamba mawili, wanaofugwa kwenye vikapu vya nyavu. Sasa nimerudi ziwani. Ninayowaandikia ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla sijafunga mzigo wangu.

La kwanza, na nitalirudia: maji yana saa zake. Ukizijua, hata chombo duni kitakupa kazi nzuri. Usipozijua, mashine ya bei kubwa itakupa namba tu.

Asubuhi yangu ya kwanza pwani nilifika ufukweni saa mbili, ndoo mkononi, daftari kwapani. Niliambiwa chaza wako pale mbele. Pale mbele palikuwa maji matupu. Mama mmoja aliyekuwa akifunga kamba zake za mwani aliniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, leo maji mafu. Subiri bamvua." Kiswahili chetu cha Bukavu hakina haja ya maneno hayo, kwa kuwa ziwa letu halipwi wala halijai. Ilibidi nikae chini nifundishwe na mama yule kabla sijafundishwa na profesa yeyote.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta bahari kwa pamoja. Siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huko Unguja hukaribia mita 4, na maji hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, halafu tena saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali: ndiyo maji mafu. Kwa hiyo chaza wa chini unawafikia kwa miguu siku chache tu katika kila nusu ya mwezi. Mwanafunzi anayeandika kwenye mpango wake "nitapima kila Jumatatu" amekwisha kupoteza nusu ya vipimo vyake kabla ya kuanza. Panga kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya ukutani.

Jambo lililonigusa ni hili. Mwezi mpevu ule ule unaowatoa akina mama wa Unguja kwenda miambani, huku kwetu ndio unaowapumzisha wavuvi wa sambaza, samaki wetu wadogo. Taa zao hazivuti kitu usiku wenye mbalamwezi. Mchana vijidudu vidogo vya maji hushuka kwenye giza, usiku hupanda, na sambaza hufuata chakula chake. Sasa fikirieni yule anayevuta wavu wa kukusanya vijidudu hao saa tano mchana mbele ya mtaa wetu wa Labotte, akipima tabaka la juu peke yake, kisha anaandika kwamba ziwa ni maskini. Ziwa lilikuwa na watu wake, ila walikuwa chini.

Oksijeni nayo ina saa. Mchana mimea midogo ya majini inaizalisha, usiku viumbe vyote vinaitumia na hakuna anayeirudisha. Kiwango cha chini kabisa huwa kabla ya alfajiri. Ukiwa na vizimba vya tilapia, ukapima saa nne asubuhi kila siku, utaandika kwamba maji ni mazuri, na siku moja utakuta samaki wameelea bila kujua sababu. Mimi nilifanya hivyo miezi minne. Nilikuwa na jedwali safi lisiloeleza kitu, kwa sababu mtumbwi wa kukodi ulipatikana saa hiyo tu, nami sikuthubutu kumwomba mwenye mtumbwi aamke saa kumi usiku. Mwombeni. Mlipeni zaidi kidogo.

Tena Kivu si ziwa la kubahatisha. Lina kina cha mita 485, na chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni hata kidogo, kuna gesi ya kaboni dioksidi na methani zilizoyeyuka. Kila kinachopumua kinaishi kwenye lile tabaka jembamba la juu. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo na baridi huchanganya maji hadi chini zaidi, virutubisho vinapanda, rangi ya maji inabadilika. Ukifanya utafiti wako wote kipindi cha mvua kwa kuwa ndipo likizo ilipoangukia, umeandika nusu ya ziwa.

Kuna kosa ninalolikuta karibu katika kila kazi ya mwisho wa masomo ninayopewa kusoma. Mwanafunzi anapima oksijeni, anapata miligramu 7 kwa lita, anafungua kitabu, anaona maji ya nyuzijoto 25 yanapaswa kubeba zaidi ya 8, basi anatangaza uchafuzi. Kitabu kinasema kweli, lakini kinasema kuhusu maji yasiyo na chumvi yaliyo usawa wa bahari. Sisi tuko mita 1460 juu, hewa ni nyepesi, na hiyo 7 ni maji yaliyoshiba, yaani yamebeba oksijeni yote yanayoweza. Baharini nako, chumvi inapunguza nafasi ya oksijeni: maji ya bahari ya joto lile lile hushiba yakiwa na chini kidogo ya 7. Hivyo namba moja ni afya katika sehemu mbili kwa sababu mbili tofauti. Rekebisheni chombo kwa mwinuko na kwa chumvi kabla ya kumlaumu mtu yeyote.

Sasa chaza mwenyewe. Anapozaliwa ni kitu kisichoonekana kwa macho, anaelea majini wiki mbili au tatu, kisha anatafuta kitu kigumu, anajigandisha, na hapo ndipo kwake mpaka kufa. Samaki akikerwa na maji atahama. Chaza hahami. Anachuja maji yanayopita ili apate chakula, na kila kilichomo majini kinapitia mwilini mwake, pamoja na vijidudu vya choo cha jirani. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na mtu anayeanza mradi wa chaza kwa kuuliza wanakua milimita ngapi kwa mwezi. Uliza kwanza mvua ya masika inaposhuka inapitia wapi na inabeba nini. Chukua sampuli baada ya mvua, siku mbaya, maana mlaji hatachagua siku. Ninyi mnaotoka hapa mna faida juu ya wenzenu: mmeona mvua moja kubwa ikishusha Kadutu nzima hadi ziwani, na plastiki ikienda kujikusanya kwenye bwawa la mto Ruzizi. Macho hayo hayo yapelekeni pwani.

Kuhusu kuhesabu, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa niliumia. Nilitaka kujua kama chaza waliobanana wanakua polepole. Nikaandaa vikapu vitatu: kimoja cha chaza wachache, cha pili cha wastani, cha tatu kilichojaa. Nikapima makumi ya chaza katika kila kikapu, mwezi baada ya mwezi, mikono ikichanika. Siku ya kuwasilisha, mwalimu wangu aliuliza, "Una sampuli ngapi kwa kila kiwango?" Nikasema hamsini. Akasema, "Una moja." Alikuwa na haki. Chaza hamsini wa kikapu kimoja wanakula mkondo mmoja, wanavamiwa na kaa mmoja, wanafunikwa na uchafu ule ule. Kama kikapu kile kilining'inia mahali penye mkondo mzuri, nilichopima ni mahali, sikupima kubanana. Mwekolojia Stuart Hurlbert alilieleza kosa hili mwaka 1984, na watu bado wanalirudia.

Fikirieni soko la Kadutu. Ukionja sambaza hamsini kutoka beseni la mama mmoja, unajua beseni la mama huyo. Hujui sambaza wa soko. Onja watano watano kwa akina mama kumi. Ndivyo vikapu: afadhali vingi vyenye chaza wachache, vimewekwa kwa kura mahali mbalimbali, kuliko vitatu vilivyojaa. Mtumbwi na nyavu vitagharimu zaidi, najua. Basi punguzeni maswali, msipunguze vikapu.

Programu za takwimu mtajifunza kwenye kompyuta, sitakaa hapo. Andikeni kwa penseli, wino unayeyuka. Lebo moja ndani ya chupa, nyingine nje.

Afya zenu sasa. Gamba la chaza linakata kama wembe na jeraha la baharini halichezewi: vaeni glavu nene na viatu. Huku ziwani hatari ni nyingine. Kwenye kingo zenye majani wapo konokono wa jenasi ya Biomphalaria, ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwa konokono jua likiwa kali, hasa kuelekea adhuhuri, kwa hiyo kazi ya ukingoni ifanywe mapema, na buti ndefu za mpira, hata kama wenzako wanaingia pekupeku. Kunywa dawa baadaye si ruhusa ya kuingia leo.

Na majina. Wavuvi wanajua viumbe kuliko sisi, lakini jina la mtaani si spishi. Sambaza wetu ni Limnothrissa miodon, aliyeletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Kule Uvira amo ndani ya kapu la ndagala pamoja na ndugu yake Stolothrissa. Ukienda ziwa Victoria, dagaa ni samaki wa ukoo mwingine kabisa, na dagaa wa baharini ni wengine tena. Pwani nako neno chaza linabeba zaidi ya mnyama mmoja, kuanzia wa miambani hadi wa lulu. Andika jina ulilopewa, kijiji ulichopewa, kisha weka gamba kwenye mfuko upeleke kwa anayejua kuainisha.

Msisubiri visa ya kwenda mbali ndipo muanze. Institut Supérieur Pédagogique ya hapa Bukavu wana watu wa hidrobiolojia, elimu ya viumbe vya majini, kituo cha utafiti cha Lwiro wamekuwa wakikusanya elimu ya mazingira yetu tangu 1947, na Uvira kuna kituo cha utafiti kando ya Tanganyika, ziwa lenye makonokono yenye magamba yanayofanana na ya baharini kiasi kwamba zamani wako waliodhani liliwahi kuwa bahari. Mtu aliyezoea konokono wa Tanganyika hatapotea mbele ya chaza wa Unguja.

Mwezi uliopita nilipeleka matokeo yangu ya oksijeni kwa wavuvi walionibeba, nikachora mstari ardhini kwa kijiti: hapa mchana, hapa alfajiri. Baba mmoja, mzee wa mtumbwi, aliutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Na usiku wa giza, taa zetu zikiwa zimekusanya samaki wengi mahali pamoja, hewa yao inakuwaje pale chini ya taa?" Sikuwa nimepima. Mwezi utakapoandama tunatoka naye saa moja jioni, na katika mtumbwi kuna nafasi ya watu wawili wenye sweta.