Mwanangu hajui bibi yake anasema nini

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanza huku Nyakato. Mimi Msukuma wa Bariadi, mume wangu Mhaya wa Muleba, nyumbani tunaongea Kiswahili maana ndo lugha tunayoelewana wote, na watoto tumewapeleka ingilishi midiamu kwa kujinyima sana. Sasa mwezi wa kumi na mbili tulienda Bariadi kwa mama yangu, Kiswahili chake ni cha kuokoteza tu, akamsalimia mwanangu mkubwa wa miaka tisa "mwangaluka", mtoto akamkodolea macho halafu akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza bibi anasemaje. Mama alicheka lakini mi nilimwona. Usiku akaniuliza hivi huyu mtoto ni wa kwetu au wa nani. Toka siku hiyo roho yangu haijatulia. Shuleni kwao mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni, Kisukuma ndo usiseme. Na mume wangu anaona tukiwaongezea lugha nyingine tutawavuruga vichwa. Ni kweli? Na je nimechelewa?
Mama wa wawili, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na nikuambie kwa nini. Mama yangu mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, baba ni Mluguru, sisi tumezaliwa na kukulia Dar, na nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili mwanzo mwisho. Bibi mzaa mama alifariki nikiwa na miaka 26. Kule msibani wanawake wenzake walikaa kwenye mkeka wakawa wanamlilia huku wanamwelezea, mmoja anapokea mwingine anaendeleza, watu wote wanalia na saa nyingine wanacheka katikati ya kilio, na mimi mjukuu wake wa kwanza nimekaa pale najua "ugonile" na "ndaga", yaani salamu na asante, basi. Ikabidi nimvute binamu yangu nguo anitafsirie, akanitafsiria maneno mawili matatu halafu naye akalia akashindwa. Mpaka leo sijui walisema nini kuhusu bibi yangu. Kwa hiyo swali lako silijibu kwa kukisia.

Kwanza usijipige sana. Sisi ni watoto wa nchi iliyoamua kuwa na lugha moja ya kutuunganisha, toka 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na wewe Msukuma kuolewa na Mhaya bila kutafuta mkalimani ni matunda ya uamuzi huo, mi naupenda na nitaupenda. Ila lugha zetu nyingine, na ziko zaidi ya 120, ziliachiwa nyumbani zijitegemee. Redioni hamna, shuleni hamna. Sasa na nyumbani zikinyamaziwa ndo zinaenda wapi? Na watu wanasahau kwamba Kiswahili chenyewe kinakula kutoka huko huko, neno ikulu tunalolisikia kila siku kwenye taarifa ya habari limetoka kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ni makazi ya mtemi. Kung'atuka nako Mwalimu Nyerere alikuja nako kutoka Kizanaki. Kwa hiyo mtoto akijifunza lugha ya bibi yake hakiibii Kiswahili chochote.

La kuvurugwa kichwa, mwambie baba watoto atulie. Aje Dar aone watoto wa Kihindi pale Kisutu, na bibi ni Kikachi au Kigujarati, na muuza mihogo ni Kiswahili cha mjini kabisa, darasani Kiingereza, na hakuna anayeumwa kichwa. Mtoto mdogo anaweza kuchanganya maneno, sentensi moja ina lugha mbili, hiyo ni kawaida na inajipanga yenyewe kadiri anavyokua. Kinachomfanya mtoto aache lugha ni aibu, na aibu hiyo anaiokota kwetu wakubwa, tunavyocheka mtu mwenye lafudhi ya Kisukuma, tunavyosema "huyu wa kijijini".

Na hapo ndo nakuja kwenye kile kibao, kimeniuma kweli. Huko Wales, Uingereza, karne ya 19 kuna shule watoto walikuwa wanavalishwa kipande cha mbao chenye herufi WN shingoni wakikutwa wanaongea Kiwelishi, anayekutwa nacho mwisho wa siku anachapwa. Leo Kiwelishi ni lugha rasmi Wales kwa sheria ya 2011, kina stesheni yake ya televisheni toka 1982, kuna shule zinafundisha masomo yote kwa Kiwelishi, wanahangaika kwelikweli kukirudisha, na bado kwenye sensa ya 2021 waliosema wanakiongea hawakufika 18 katika kila watu 100. Kibao siyo chanzo pekee, viwanda na wahamiaji navyo vilichangia, lakini ona gharama ya kurudisha kitu ambacho bibi anakitoa bure. Jiungeni wazazi watatu wanne mwende kwa mwalimu mkuu, kwa heshima, mseme Kiingereza tunakitaka na ada tunalipa, lakini mtoto asivalishwe kosa kwa kuongea lugha ya mama yake.

Hujachelewa, miaka tisa bado mbichi kabisa. Ila usimfanyie darasa, ana masomo ya kutosha. Wewe mwenyewe ongea. Ukimwamsha muamshe kwa Kisukuma, ukimtuma chumvi mtume kwa Kisukuma, siku za mwanzo atakushangaa na atakujibu kwa Kiswahili, we endelea tu, kuelewa kunatangulia kuongea. Mama apigiwe simu kila Jumapili na mtoto ashike simu mwenyewe, usikae katikati kutafsiri kila neno maana ukitafsiri wewe ndo unaongea na mama, yeye anasubiri. Na kama afya inamruhusu, mama aje akae kwenu likizo nzima. Mtoto akihitaji uji na anayejua kuupika ni bibi tu, lugha itapatikana. Baba naye asikae pembeni, Kihaya nacho ni chao.

Halafu mko Mwanza jamani, Bujora iko hapo Kisesa tu! Makumbusho ya Wasukuma ile aliianzisha padri David Clement, mtu wa Quebec, akajifunza Kisukuma akaingiza na ngoma za Wasukuma kanisani. Wapeleke mwezi wa sita wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma, waone Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji, wanavyoshindana, waone ngoma ya bugobogobo na majembe yanavyorushwa. Mtoto wa miaka tisa akiona vile hutamwambia wewe kwamba Usukuma ni kitu kizuri.

Na mama umpigie leo. Alikuuliza mtoto ni wa nani, usimwache akae na swali hilo peke yake.

SWALI: Shangazi, mi ni kijana wa Likoni. Nyumbani tunaongea Kidigo, stejini kwenye matatu Kiswahili na Sheng, ile lugha yetu vijana wa mjini, chuoni Kiingereza. Wazee wanasema nimepotea, eti sina lugha. Ni ukweli?
Msomaji, Mombasa

JIBU: La, mwanangu, una nne. Katiba yenu ya 2010 kifungu cha 7 inasema Kiswahili ndo lugha ya taifa, na Kiingereza kikiwa rasmi pamoja nacho, halafu serikali ikuze lugha za kienyeji, kwa hiyo hata kikatiba hujavunja kitu. Sheng ongea na wenzako stejini. Ninaloona kwako ni moja, Kidigo kinakaribiana sana na Kiswahili, ni rahisi neno la Kidigo kuondoka la Kiswahili likakaa mahali pake na usijue. Wazee wakikwambia umepotea usibishane nao, kaa nao jioni uwaulize majina ya samaki, ya miti, ya upepo, uwarikodi kwenye simu. Na ukipata nauli vuka mpaka uende upande wa Tanga, huko nako Wadigo wapo, muongee.