Wasomaji Wauliza: Kutoka Kiingereza kwenda Kihispania

SWALI: Naongoza watalii Arusha na nafasiri maelezo ya safari kwa Kihispania. Maneno nayapata kwenye kamusi, lakini wageni husema sentensi zangu zina kasoro. Nakosea wapi?

JIBU: Anza na wakati uliopita, maana ndipo wengi wanapokwama. Kiingereza kina umbo moja pale Kihispania kinapodai uchague kati ya mawili. "She lived in Madrid" ni "vivió" ikiwa kipindi hicho kilikwisha na unakitazama kizima, ni "vivía" ikiwa jambo jingine lilitokea wakati akiishi huko. Jaribu sentensi kwa Kiswahili: ikikaa vizuri kama "tulikuwa tukienda ziwani", andika "íbamos", ikikaa kama "tulikwenda" mara moja, andika "fuimos".

Kipimo hicho kina mpaka. "Nyumba ilikuwa na milango miwili" haina "-ki-" yoyote, lakini Kihispania kinataka "tenía", kwa kuwa unaeleza hali. Ukiandika "tuvo", msomaji atajiuliza huo mlango mwingine uliishia wapi.

Kauli ya kutendwa ni mtego mbaya zaidi, kwa sababu hapa hata Kiswahili kinakudanganya. Tunasema "wageni walipewa maji", na Kiingereza kinasema "the guests were given water". Kihispania hakimruhusu anayepewa awe kiima, kwa hiyo "los huéspedes fueron dados agua" haisemeki. Andika "a los huéspedes se les dio agua", au kwa wepesi zaidi, "les dieron agua a los huéspedes".

Kwenye maagizo, Kiswahili kinakuokoa. "We want you to stay in the vehicle" ina kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi. Ukikihamisha kama kilivyo utapata "queremos ustedes quedarse", kosa la wazi. Fikiri "tunataka mbaki garini": ile "-e" tunayoitumia baada ya "nataka" ina mwenzake, "queremos que se queden en el vehículo". Hiyo ni kwa "ustedes" (ninyi). Kundi la Wahispania mliokwisha kuzoeana litataka "que os quedéis", umbo la "vosotros" (ninyi wa kuzoeana), ila kwa wageni wa Amerika ya Kusini "vosotros" haitumiki katika mazungumzo ya kawaida. Chagua moja kabla ya kuanza na usibadilishe katikati ya ukurasa.

SWALI: "His tent" na "her tent" zote naandika "su tienda". Ni sawa?

JIBU: Ni sawa mradi mwenye hema anajulikana. Wakiwa wawili katika sentensi moja, "su" haitoshi, kwani hata "yako" ya heshima na "yao" ni "su" hiyo hiyo. Andika "la tienda de él" na "la de ella".