Maswali ya wasomaji: Stenlesi inapasuka bila kutu

SWALI: Mtambo wetu wa maziwa ya UHT unapashwa kwa maji ya nyuzi 140, presha bar 4. Bomba la stenlesi 304L limevuja karibu na tii (kiungio chenye umbo la T) inayoingiza maji baridi. Kutu hakuna, presha haijawahi kupanda. Tuliambiwa stenlesi ni feki, tukabadilisha. Mwaka haujaisha, limevuja palepale. Tuweke bomba nene zaidi? *Msomaji, Eldoret*

JIBU: Msiweke. Na muuzaji mwacheni kwanza, maana bomba likivuja palepale mara mbili, la kuangaliwa ni mahali penyewe.

Maji ya nyuzi 140 na ya nyuzi 25 hayachanganyiki papo hapo yanapokutana. Hukimbizana: ukuta wa bomba unaguswa na moto sasa hivi, na baridi sekunde chache baadaye. Ngozi ya ndani ikipoa inataka kusinyaa, lakini chuma kilicho nyuma yake bado kina moto na hakiiachii. Stenlesi hutanuka sehemu 17 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Ngozi hiyo ikipoa ghafla kwa nyuzi 100 huku imeshikwa, mkazo kwa hesabu ya kwenye karatasi unafika karibu megapaskali (MPa) 470, wakati 304L huanza kulegea kwenye 170. Hata nusu yake ikifika ukutani, tena kila sekunde tatu, ni mizunguko milioni 10 kwa mwaka. Chuma cha kawaida kingeona nafuu, kwa kuwa stenlesi hutanuka karibu mara moja na nusu zaidi yake na hupitisha joto kama theluthi tu. Ndiyo maana unene hausaidii: tofauti ya joto kati ya ndani na nje inazidi.

Ufaransa iliyaona haya kwenye kinu cha nyuklia kipya kabisa. Civaux 1 kiliunganishwa na gridi Desemba 1997. Tarehe 12 Mei 1998 kona ya 304L, mbele ya tii ya maji moto na baridi, ilipasuka: ufa wa milimita 180, maji mita za ujazo 30 kwa saa.

Fanyeni hivi. Tieni mkono wa stenlesi (kibomba cha ndani) ndani ya tii, ili maji baridi yatokee katikati ya mkondo bila kulamba ukuta. Sogezeni tii mbali na kona na maungio ya kuchomelea. Tuta la weldi upande wa ndani lisagwe hadi liwe sawa na bomba, kwani ufa hupenda kuanzia ukingoni mwake. Kisha kagueni valvu ya maji baridi ikiwa imefungwa: fungeni themokapo (vipimajoto vya waya) juu na chini ya bomba, mbele ya valvu. Chini kukiwa baridi kuliko juu, valvu inapitisha. Mwaka 1987 kinu cha Farley 2, Alabama, kilipata ufa kwa sababu ya valvu ya namna hiyo, iliyohesabika kuwa imefungwa.

SWALI: Tulipaka rangi ya kupenya (inayoingia kwenye nyufa na kuzionyesha) nje ya bomba, hatukuona ufa. Bomba ni zima? *Fundi, Tanga*

JIBU: Hapana. Ufa wa aina hii huanzia ndani, na rangi huona uso inaopakwa tu. Kwa nje tumia mawimbi ya sauti. Sumaku haifai, stenlesi hii haivutwi. Ukilikata bomba, paka ndani: safisha, paka, subiri dakika 10, futa kwa kitambaa chenye kisafishio (usipulizie moja kwa moja, utaiosha rangi iliyo ndani ya ufa), weka poda nyeupe, soma baada ya dakika 10 nyingine. Nyufa ndogo nyingi kama tope lililokauka ni uchovu wa joto, yaani chuma kupasuka kwa kupashwa na kupozwa mara nyingi. Ufa wenye matawi kama mizizi ni kazi ya kloridi (chumvi zenye klorini), na dawa yake ni tofauti kabisa.

SWALI: Majedwali ya uchovu wa metali yalipimwa hewani. Maji ya moto hubadilisha nini? *Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam*

JIBU: Mengi. Kanuni iliyotolewa na tume ya nyuklia ya Marekani mwaka 2007, kabla ya kurekebishwa 2018, iligawanya umri wa hewani kwa kipengele cha mazingira, yaani namba inayoonyesha maji yanaupunguza umri huo mara ngapi. Chini ya nyuzi 150 kipengele kilikuwa 2 hivi. Kwenye nyuzi 300, chuma kikinyumbuka kwa asilimia 0.004 kwa sekunde, kilifika 6.3: mizunguko 10,000 ilibaki kama 1,600. Kwenye nyuzi 325 na mwendo wa kinyonga, asilimia 0.0004 kwa sekunde, kilizidi 14. Kadiri mnyumbuko unavyokwenda polepole ndivyo maji yanavyopata muda wa kula ncha ya ufa.

Wengi hudhani kuondoa oksijeni majini kunatosha. Kwa chuma cha kawaida kunasaidia sana. Kwa stenlesi, kanuni hiyo ya 2007 haikutoa nafuu yoyote kwa maji yasiyo na oksijeni. Na msomaji wetu wa Eldoret, kwa nyuzi zake 140, maji si adui wake mkubwa. Ni ile tii.