Inategemea umeshuka mwezi gani

Wiki iliyopita mliuliza: mji wako unaishi kwa zao gani, na mgeni akishuka kwenye basi atalitambuaje? Mimi ni wa Shinyanga, mtoto wa Ngokolo. Zao letu ni pamba, hilo halina mjadala. Kulitambua ndiyo kazi, maana inategemea umeshuka mwezi gani.

Ukishuka Januari utakutana na jua, na kama mvua imekumbuka kunyesha, tope jeusi la mbuga, yaani bondeni kwenye udongo mzito, linalong'ang'ania kiatu mpaka mguu unakuwa mzito kama umefungwa jiwe. Pamba yenyewe iko vijijini, bado ya kijani. Rudi Juni uangalie migunga ya kandokando ya barabara. Miiba yake imevaa nyuzi nyeupe, na wageni hudhani ni maua. Ni pamba iliyochomoka kwenye malori yanayokwenda jineri, kiwanda kinachotenganisha nyuzi na mbegu.

Mimi lakini siangalii miti, naangalia maduka. Muuza magodoro ambaye Februari alishinda mlangoni akicheza bao, Julai hana hata muda wa kuitikia salamu. Baiskeli zinatundikwa nje, mabati yanafungwa juu ya mikokoteni, ng'ombe mnadani wanapanda bei kwa sababu kila mwenye kijana wa kuoza anatafuta mahari. Ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana kucheza, nazo huchezwa msimu huo huo, watu wakiwa wameshavuna. Na bado godoro tunalogombania ni la sponji, na shati la anayelinunua ni la mtumba. Pamba yetu ikishachambuliwa jineri, nyuzi hufungwa marobota na sehemu kubwa huondoka nchini hivyo hivyo. Tunabaki na mbegu: mafuta ya kupikia, na mashudu ya ng'ombe.

Wazee husema huku kulikuwa pori la kutisha. Miaka ya 1920 Waingereza waliweka Shinyanga kituo cha kuchunguza mbung'o, inzi anayeeneza malale na nagana ya ng'ombe, na dawa waliyoiamini ilikuwa kufyeka miti ili mdudu akose kivuli. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza, ikipita kwetu, na pale pori lilipofyekwa wakaingia ng'ombe na pamba. Miaka ya 1950 wakulima waliochoka kupunjwa kwenye mizani walijenga ushirika wao, Victoria Federation, chini ya Paul Bomani, ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika Afrika. Ila ardhi ilikuwa inalipa gharama zote hizo. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wanatuita jangwa, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), uliofufua ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Usukumani jambo hilo lilikuwepo siku zote, mradi ulikuja kutukumbusha. Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, kule Ihelele, tuliyapata rasmi mwaka 2009. Kabla ya hapo, mtoto wa Shinyanga alijua bei ya dumu la maji kabla hajajua jedwali la kuzidisha.

Mliuliza kuhusu mji, lakini mji huu huwezi kuueleza bila kwenda kijijini, kwa mama yangu mdogo, wilaya ya Kishapu. Nimechuma naye. Kitumba, yaani tunda la pamba, kikikauka hupasuka na kuacha ncha kali, na ukivuta pamba kwa pupa zinakuchoma chini ya kucha. Yeye huvuta kwa vidole vitatu, jani kavu halimfuati. Jioni tunamwaga pamba kwenye turubai na kuichambua: nyeupe huku, yenye doa la wadudu kule. Wapo wanaotia mchanga au kunyunyiza maji ili kiroba kivute mizani. Mama mdogo huwaita wezi, kisha humwita mwenye mizani mwizi mkubwa zaidi.

Mwaka 2019 bei ilitangazwa shilingi 1,200 kwa kilo. Ilikuwa habari njema mpaka bei ya dunia ilipoanguka na wanunuzi wakaanza kusuasua. Aliyechukua pamba ya mama mdogo alimwachia karatasi ya deni. Mama mdogo alikaa na karatasi hiyo miezi, ameikunja ndani ya kitambaa alichofungia hela ambayo haikuwepo. Mwaka huo hata mjini tuliona: Julai ilifika, baiskeli zilitundikwa nje kama kawaida, na jioni zikarudishwa ndani zote. Muuza magodoro alicheza bao mpaka Septemba.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza, simpeleki shambani wala jineri. Namkalisha kwenye benchi la muuza magodoro, wiki ya kwanza ya Julai, ahesabu wanaoingia.

Msimu uliopita mama mdogo amepunguza pamba hadi ekari mbili. Ekari tatu za mbuga ameziweka dengu. Nilimuuliza kama pamba imemchosha, akacheka. "Pamba naipenda," alisema, "ila mnunuzi wa dengu anakuja na hela mfukoni."