Kila A ina mkwaruzo uleule, na fundi anataka kubana herufi

SWALI: Nimefungua gereji ndogo. Bango lake, KARAKANA YA BABA, nimeliandika kwa fonti nene iliyobanana, yenye sura ya kuchakaa kama mabango ya zamani. Tatizo, kila A ina mkwaruzo uleule palepale, na mashine ya kukata stika za mlangoni inakwama. Fundi wa mabango anashauri atumie Arial Black, fonti nene na pana, aibane itoshe, kisha aipake mikwaruzo. Nikubali?

JIBU: Usikubali. Ndani ya fonti yako kuna A moja, mkwaruzo wake umechorwa humohumo, nawe umeipiga mara saba. Kiswahili kilivyojaa a, lazima ionekane. Tangu Darius Wells wa New York aanze kuchonga herufi za mbao kwa mashine mwaka 1827, mchapaji wa mabango alikuwa na vipande vingi vya A, kila kimoja na kovu lake. Jaribu kuchanganya herufi kubwa na ndogo: KaRAKaNA. Fonti nyingi za aina hii huficha A ya pili kwenye kitufe cha a ndogo. Ikiwa haipo, geuza maandishi yawe michoro, uzibe mikwaruzo ya A mbili tatu kwa mkono. Stika kata kwa toleo safi lisilo na mikwaruzo, maana kila kidoa ni njia ambayo kisu lazima kiizunguke.

Sasa huyo fundi. Kubana herufi si kutengeneza herufi nyembamba, na nimechoka kulisema. Ukiibana H hadi nusu ya upana, nguzo zake mbili zinabaki nusu ya unene, lakini ule mstari wa katikati unabaki mnene vilevile. Matokeo yake ni H yenye miguu ya kuku iliyobeba boriti. Fonti iliyochorwa nyembamba tangu mwanzo huacha nguzo nene, ikapunguza uwazi wa ndani. Itazame fonti ya Impact ya Geoffrey Lee, ya mwaka 1965. Huenda imo kwenye kompyuta ya fundi huyohuyo. Anton na League Gothic ni za bure, hata kwa biashara.

Lakini mafundi wa aina hiyo wana flashi yenye maelfu ya fonti, hakuna aliyewahi kusoma leseni ya hata moja. Ndio wanaobana kadi za harusi, matangazo ya misiba, mabango ya kampeni, alimradi maneno yaingie. Jina refu? Bana. Bango dogo? Bana tena. Kupunguza maneno au kuyagawa mistari miwili hawataki, eti mteja atalalamika.

Na wakishapata hiyo mikwaruzo wanaimwaga kila mahali, hadi kwenye namba ya simu. Nane iliyokwaruzwa ubavu wa kushoto, dereva akiitazama kutoka barabarani, ni tatu. Atapiga, atapokelewa na mtu asiyejua lolote kuhusu gia, na wewe utabaki unashangaa mbona simu hailii.