Waya Unachomekwa, Deki Inaunganishwa

SWALI: Mimi ni fundi wa redio na TV, Morogoro. Wateja wangu wengi wana deki ya siku nyingi, na sasa watoto wameletewa mashine ya gemu, basi wakihamisha kabati tu hawajui tena waya upi unaingia wapi. Nimeandaa karatasi ya kubandika nyuma ya TV: "Chomeka waya wa njano kwenye tundu la njano. Mashine ya gemu unganisha kwa TV, waya ya HDMI." Kijana wangu yuko kidato cha nne, anasema nimekosea. Eti "chomeka" ni kitu kuweza kuchomwa, kama nyama, kwa hiyo niandike "unganisha" kote. Tena anasema "nyaya" si neno. Nani ana haki?

JIBU: Fundi, kijana umemshinda. Ila karatasi yako ina makosa mawili madogo ambayo yeye hakuyaona.

Kijana amekumbuka somo la kauli ya kutendeka, na hakukosea kuwa ipo: "Mahindi haya hayachomeki, mkaa umelowa." Lakini Kiswahili kina -ika (au -eka) nyingine inayofanana na hiyo kwa sura tu. Hii kazi yake ni kuweka kitu mahali, na hutaka kitu cha kuwekwa: unabandika tangazo, unaanika nguo, unapachika dirisha, unafunika sufuria. Ukitaka kuitambua, tafuta kinyume chake. Tangazo linabanduliwa, nguo zinaanuliwa, dirisha linapachuliwa, sufuria inafunuliwa. Na waya uliochomekwa unachomolewa. Mwulize kijana kama amewahi kuona mtu akichomoa nyama choma ikarudi mbichi.

"Choma" tunayoizungumzia hapa haina moto ndani yake. Ni ile ya mwiba na sindano: kitu chenye ncha kinaingia mahali. Ndiyo iliyozaa hata "kuchomekea" shati, jambo ambalo kijana wa kidato cha nne hulisikia kila asubuhi getini. Tunasema "bandua" lakini "chomoa", wala si "chomua", kwa sababu irabu o ya mzizi huivuta inayofuata ifanane nayo.

Sasa hilo la kuandika "unganisha" kote. Mwaka mmoja shemeji yangu alinipigia simu akiwa ameinama nyuma ya TV. Mkononi ana zile nyaya tatu za deki, njano ya picha, nyeupe ya sauti ya kushoto, nyekundu ya sauti ya kulia. Nikamwambia, kwa Kiswahili nilichodhani ni fasaha, "Unganisha nyaya nyuma ya TV." Kimya. Kisha akauliza: "Nizichune kwanza?" Alikuwa ameshashika kisu. Naye hakuwa mjinga; mimi ndiye niliyesema vibaya. Kuunganisha nyaya, kwa mtu yeyote aliyewahi kumwona fundi umeme kazini, ni kuzichuna ncha, kuzisokota pamoja na kuzifunga kwa utepe. Ningesema "chomeka" kisu kingebaki jikoni.

Kwa hiyo gawa kazi: waya unachomekwa kwenye tundu, vyombo viwili vinaunganishwa kimoja na kingine. Hapo ndipo kosa lako la kwanza lilipo, "unganisha kwa TV". Livunje neno lenyewe: ung-an-ish-a. Ile -an- ni ya ungana, pendana, gombana, na wote hao huenda na "na". Hugombani kwa jirani, unagombana na jirani. Deki nayo unaiunganisha na TV. Siku hizi "unganisha kwa" imejaa kwenye vijitabu vinavyokuja na vifaa, na mimi naiona kuwa ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

(Kinyume cha kuunganisha ni kutenganisha. Usijaribu kukitoa kwenye "unga" kwa mtindo wa bandika na bandua, maana utapata "ungua", na mteja atakimbilia ndoo ya maji.)

Kosa la pili ni kuandika "waya wa njano" halafu "waya ya HDMI" kwenye karatasi moja. Mitaani utasikia "waya hii" na "waya huu", na sitamkamata mtu kwa hilo akiwa anaongea. Ila kwenye maandishi chagua moja ushike nayo. Mimi nachagua waya huu, nyaya hizi, na kamusi zinaniunga mkono. Neno lilitoka kwa Waingereza, lakini lilipofika huku likakuta wavu na nyavu, wayo na nyayo, waraka na nyaraka, likaingia kwenye foleni hiyohiyo. Mzungumzaji aliyetuundia "nyaya" hakukosea chochote. Sikio lake lilikuwa likifanya kazi yake. Mwambie kijana neno lipo, tena limezaliwa vizuri.

Hukuuliza kuhusu "deki", lakini wapo watakaokuuliza. Liache. Kwamba tunapiga deki sakafuni na kuangalia picha kwa deki hakumchanganyi mtu, na maneno yote mawili yametokana na neno lilelile la Kiingereza: la kwanza kupitia sitaha za meli, la pili kupitia mashine za kanda.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Kuunganisha deki na TV: chomeka waya wa njano kwenye tundu la njano, mweupe kwenye jeupe, mwekundu kwenye jekundu. Kuunganisha mashine ya gemu na TV: chomeka waya wa HDMI, ncha moja kwenye mashine, ya pili kwenye TV. Kisha chagua kwa rimoti: AV kwa deki, HDMI kwa gemu."

Nafasi ikibaki chini, ongeza kwa herufi kubwa: ZIMA KABLA YA KUCHOMOA.