Soni mpaka Vuga kwa mguu: maswali yenu nimeyajibu

Tangu niseme watu wa Dar tuache kung'ang'ania Bagamoyo kila wikendi, tupande milima ya Usambara kule Tanga, tutembee kutoka mji mdogo wa Soni mpaka kijiji cha Vuga na mwongozaji, maswali hayaishi. Nachukua yale yanayojirudia.

*Dada, naweza kutoka Dar alfajiri, nikatembea, nikarudi usiku huohuo? Kazini wananibana. (Tabata)*

Haiwezekani mdogo wangu. Basi la Lushoto ukilipanda stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, uko Chalinze, uko Segera, uko Korogwe, mpaka Mombo ni masaa kama sita ikienda vizuri, halafu ndo mnaanza kupanda mlima, sasa ukishuka Soni mchana umechoka utatembea saa ngapi? Toka Ijumaa, lala Soni au Lushoto, Jumamosi mguu, Jumapili rudi. Na wanaouliza SGR, treni ya umeme, ile inaenda Moro na Dodoma, huku haigusi. Kama gari huwa linakuchafua tumbo, kaa mbele na tafuna tangawizi mkifika Mombo, zile kona hazina utani.

*Kwani mwongozaji wa nini wakati simu ina ramani? Si kutuongezea gharama tu? (Sinza)*

Hapa ndo napingana na wengi. Njia zenyewe ni vichochoro vya mashambani, unakatiza kwenye migomba ya mtu, mara umetokezea uani kwa bibi anachambua maharage, na ramani haikuambii kama pale panapitwa au umeingia kwa watu. Mwongozaji wa palepale anasalimia kwa Kishambaa, lugha ya Wasambaa wa huko, "onga maundo" kama ni asubuhi, njia inafunguka.

Halafu Vuga bila mtu wa kukusimulia utaona nyumba na migomba basi. Pale ndo palikuwa makao ya wafalme wa Kilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa. Wasambaa wanasimulia kwamba wa kwanza, Mbegha, alikuwa mwindaji kutoka Nguu, kigego, yaani aliota meno ya juu kwanza, kwao akaonekana mkosi akaondoka, akaja kuwawindia watu nguruwe waliokuwa wanawamalizia mazao, akawagawia nyama, mwisho akapewa ufalme. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, ndo yule mmisionari Krapf alimfuata mwaka 1848. Kimweri akafa 1862 na watoto na wajukuu wakaanza kugombana, na mmoja wa watoto, Semboja, alikuwa kajikalia zake Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara ambako bunduki zilikuwa zinapita. Mwenye bunduki bondeni akamshinda aliyekalia kiti cha ufalme mlimani, Vuga ikachomwa. Sasa mwambie mwongozaji akusimamishe mahali bonde linaonekana ndo akusimulie hiyo, utaelewa kwa macho. Simu haikupi hicho kitu.

*Nijuaje sijapigwa bei? (Kigamboni)*

Usiulize "shilingi ngapi" tu, uliza ndani kuna nini: chakula cha mchana kimo? Ada ya kijiji imo, na risiti mnapewa? Kurudi Soni mnarudi kwa mguu au kuna gari, na la nani? Ni kwa kichwa au kwa kundi? Mwongozaji mtafute kupitia ofisi za utalii wa utamaduni pale Lushoto, mwombe kitambulisho, andikianeni makubaliano kwenye meseji kabla hujatuma hela, na tuma ya kianzio tu. Anayekufuata stendi na kukuvuta begi, mwache. Ila mkishakubaliana usianze kumkamua elfu mbili mbili njiani, siku nzima anatembea na wewe.

*Mwanangu, nina miaka 63 na goti linasumbua kidogo. Nitaweza? (Mbagala)*

Shikamoo mama. Kupanda utaweza, polepole na mapumziko, tatizo ni kushuka, goti linalia kwenye mteremko. Mwambie mwongozaji mapema kabisa, akukatie fimbo, na mpange upande mmoja mtembee, mwingine mrudi na gari. Pitia kwa daktari wako kwanza. Wala usimwonee mtu aibu mkiwa njiani, ukisema tukae, wakae.

*Nivae nini, na picha ruksa? (Mikocheni)*

Raba yenye meno, sio ile nyeupe ya kuzurulia madukani Mlimani City. Sweta, koti la mvua, maji, na suruali ndefu au sketi ndefu maana unapita vijijini kwa watu wazima. Picha za bonde piga mpaka simu ilie, lakini watu, na makaburi ya wafalme, omba kwanza, na ukiambiwa hapana ni hapana.

*Mwezi gani? (wengi mno)*

Machi mpaka Mei sahau, udongo ule mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Juni mpaka Agosti ni pakavu lakini baridi, mtu wa Dar utatetemeka usiku. Mimi naipenda Septemba, kabla vuli haijaanza, na ndo nitakayopendekeza kwa kundi, kwa hiyo wanaotaka kuja waanze kuomba ruhusa kazini mapema.